Fungu la Kurudi Hushonwa Kwanza

Nakumbuka siku moja ya baridi ya mwezi wa nane, nyumbani kwa mama mkwe wangu Ilula, mkoani Iringa, aliponikabidhi sindano, uzi mweusi na koti la mume wangu, akaniambia nikae nishone. Nilidhani koti limechanika. Nikaligeuza, nikalikagua kwapani na mifukoni, sikuona tundu. Ndipo akafungua pindo la kitenge chake, akatoa noti alizozikunja hadi zikawa ndogo kama kidole, akasema hizo ni za petroli na chakula cha kurudi. Niziweke ndani ya upindo wa koti, nishone mishono ya karibu karibu, ili mtu akitaka kuzitoa apate taabu.

Mwanangu, ningependa kukusimulia haya kwa upole. Upole umenipungua tangu Jumapili, na aliyeupunguza ni mjukuu wangu Lusekelo. Kwake tutafika. Kwanza sikia la zamani, maana la leo lina mizizi huko.

Mume wangu aliitwa Benedikti. Alikuwa na pikipiki, zile za zamani ambazo oili inachanganywa humo humo kwenye petroli, zikipita zinaacha moshi wa bluu na kuku wanakohoa. Alikuwa na kaka yake mkubwa, Fidelis, aliyeondoka kwenda kutafuta kazi za migodi kusini wakati Benedikti bado anachunga mbuzi. Miaka ikapita bila neno. Halafu mtu mmoja akaja na habari kwamba Fidelis yuko hai, yuko Botswana, kwenye mji unaoitwa Francistown. Mama mkwe hakulala vizuri tena. Alitaka macho ya kumwona mwanawe, na kwa vile yake yasingefika, akaamua kutuma ya Benedikti.

Benedikti alifurahi kupita kiasi. Ile ilikuwa safari ya kutoka Iringa, kupita Mbeya, kuvuka mpaka Tunduma, kuikata Zambia kutoka juu mpaka chini, halafu kuvuka mto kwa kivuko ndipo uikanyage Botswana. Kwake ilikuwa sherehe. Alinunua kofia, akapaka tangi rangi mpya. Mama mkwe alimtazama, halafu akanigeukia mimi akasema niende naye. Alisema mwanaume akiwa peke yake barabarani hulowea hukohuko asirudi, na kwake yeye mmoja aliyelowea anatosha. Mtoto wetu Mariana, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa na anatembea kwa kushika ukuta, angebaki naye. Tungerudi mvua za kwanza zikianguka, tuwahi kupanda.

Nikauliza, kwa adabu, kwa nini hela za kurudi zishonwe na za kwenda ziwekwe mfukoni tu. Mama mkwe alikuwa mchuuzi wa vitunguu. Alishuka Ruaha Mbuyuni kununua, akapanda navyo mlima wa Kitonga kwa malori kuja kuuza huku juu. Akanijibu jibu ambalo hadi leo sijalisikia kwa msomi yeyote.

"Kushuka Kitonga hata jiwe linashuka. Ukiwa kule chini Mbuyuni mfuko umejaa, vitunguu vizuri, kila kitu unakiona rahisi. Kupanda ndiko kunakomjua mwanamke. Mimi nauli ya kupanda naishona kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu yule niliye kule chini simwamini."

Nikashona. Nilishona vizuri, maana masista walinifundisha sindano kabla sijaacha shule, na kwa kweli ndicho nilichobaki nacho.

Sasa sikiliza kilichotuponza. Kwetu Iringa mtu akisafiri hasemi. Akisema, amekwisha. Benedikti aliaga kijiji kizima. Na kwetu ukimuaga mtu, haji kukuaga mikono mitupu, wala haji na cha kwako. Anakuja na mzigo wa ndugu yake aliyeko huko uendako, au karibu na uendako, au upande huo wa dunia. Mmoja alileta maharage ya binti yake aliyeolewa Zambia. Mwingine akaleta mbegu za viazi. Shangazi wa mume wangu alileta mkeka. Mkeka, mwanangu, kwenye pikipiki ya watu wawili. Kuna mzee alileta jogoo, na kama si mama mkwe kumwambia wazi kwamba jogoo hana paspoti, tungesafiri naye.

Benedikti hakumkatalia mtu. Kukataa mzigo kwetu ni kama kumwambia mtu ndugu yako si kitu kwangu. Nami nilikuwa mke mgeni, ningesema nini? Tulipoondoka mimi nilikuwa nimekaa katikati ya maharage kama mfuko mwingine. Kila kilima tulipunguza mwendo, na petroli iliyokuwa itufikishe mbali ikaishia karibu. Kufika Makambako tayari hesabu ya mwenzangu ilikuwa imepinda. Kufika Mbeya alikuwa ameacha kuitaja.

Pale mpakani Tunduma afisa wa ushuru alitutazama, akazunguka pikipiki, akauliza kama tunahama. Hakuwa mtu mbaya. Alituambia mzigo ule si wa msafiri, ni wa mfanyabiashara, ama tuulipie ama tuuache. Kilikuwa kitu chepesi. Tunduma wamejaa watu wa kwetu, tungeuacha kwa mmoja wao, malori yangeurudisha Ilula.

Benedikti akavua koti. Akatoa kisu cha kukatia mipira ya baiskeli, akaanza kufumua upindo.

Nikamwambia, "Benedikti, acha mizigo."

"Nikiacha, nitawaambia nini watu wa Ilula?"

"Na Mariana tutamwambia nini?"

Akacheka, akaniambia kurudi Mungu atajua. Mishono yangu ilikuwa ya karibu karibu kweli. Ilimchukua muda mrefu, akatoka jasho, na mimi nilisimama pale namwangalia anavyopata taabu ile ambayo mama yake alimwandalia. Taabu haikumtosha. Alikata uzi wote.

Zambia ni ndefu. Watu wanasema hivyo kama mzaha, lakini ikate kwa pikipiki ukiwa na mkeka mgongoni ndiyo utajua. Tuligawa mizigo tulikoweza. Wengine tuliwakuta, wengine walikuwa wamehama, na yule binti wa maharage alitupokea vizuri mno, halafu naye akatupa mzigo wa kumpelekea mama yake. Nikacheka mpaka machozi. Benedikti hakucheka.

Tukafika Francistown. Shemeji Fidelis tulimkuta. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, anaishi chumba kimoja kisafi, na alipomwona mdogo wake alishika mlango. Tulikaa kwake siku kadhaa. Alituuliza habari za kila mtu, kila mti, kila njia ya kwenda mtoni. Benedikti akamwambia turudi wote, mama anakusubiri. Shemeji akasema, "Mwambieni nitakuja nikipata kitu cha kuja nacho."

Basi, mwanangu, nilielewa pale kilichomla yule mtu. Wengi wakiona mtu harudi wanasema amemsahau mama yake. Hakumsahau. Alikwenda na nauli ya kwenda tu, na kila mwaka uliopita uliongeza bei ya kurudi, maana mtu aliyekaa miaka kumi hawezi kurudi na mfuko wa mtu aliyekaa mmoja. Aliiogopa aibu mpaka ikawa nyumba yake. Amezikwa hukohuko.

Sisi tukageuza. Mfukoni tulikuwa tumebaki na alichotupa shemeji, na hakikuwa kingi. Benedikti akaanza kubana. Akabana chakula, hilo nilivumilia. Kisha akabana oili. Kila akijaza petroli alitia oili kidogo kuliko inavyotakiwa, akasema pikipiki itazoea. Pikipiki si punda. Karibu na Mpika, mvua za kwanza zikituangukia kichwani, zile zile tulizoahidi zitukute nyumbani, injini ikanoki. Ilipiga kelele moja, ikanyamaza, na hatukuwa na cha kununulia pistoni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilidhani ni maneno tu. Mzee mmoja wa Kibemba na mkewe walitupokea, wakatulisha, na siku ya tatu wakatupa jembe kweli. Sikuwalaumu, walikuwa na shamba na mvua haisubiri. Tulilima. Tukapanda mahindi ya watu huku najua shamba letu Ilula linaota majani. Tukapalilia. Matiti yangu yalikuwa yamekauka zamani, lakini nikisikia mtoto wa jirani analia nilikuwa nashika kifua. Benedikti aliacha kuimba. Pikipiki ilikaa chini ya paa la ghala, kuku wakaigeuza kitanda, na ile rangi mpya ya tangi ikawa na mavi ya kuku.

Ujira wa jembe ulipotosha kununua pistoni, tulirudi Ilula watu wanachoma mahindi mabichi. Kabla hatujashuka kwenye pikipiki majirani walikuwa wameshafika, na usidhani walikuja kutupa pole. Mkeka umefika? Ulipokelewa na nani? Alisema nini? Amenipa nini? Benedikti alisimama katikati yao anajibu, na mimi nikapita nikaenda uani.

Mariana alikuwa anakimbia. Nilimwacha anashika ukuta, nikamkuta anakimbiza vifaranga. Nikapiga magoti nikafungua mikono, nikamwita. Akanitazama kama unavyomtazama mpita njia, akaenda kujificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Akamwambia, "Mama, huyu nani?"

Nilitaka kumfuata. Mama mkwe akanizuia kwa mkono.

"Usimlazimishe. Hajakusahau. Alikusubiri mpaka akachoka."

Kisha akaingia ndani, akachukua lile koti pale mume wangu alipolitundika. Hakugomba. Alipitisha vidole kwenye upindo polepole, akaona matundu ya sindano yamebaki na nyuzi zilizokatwa. Benedikti akaanza kueleza habari za mpaka na ushuru. Mama yake akamsubiri amalize. Akamuuliza jambo moja tu.

"Uzi wangu uko wapi?"

Mwanaume mzima, mwenye ndevu, alikaa chini akalia. Habari za Fidelis mama mkwe alizipokea kwa utulivu uleule, koti liko mapajani. Aliuliza kama anakula vizuri, basi.

Mariana alichukua muda mrefu kuniita mama. Na hata alipoanza, kwa miaka alikuwa akiniona nimevaa viatu, anakuja kukaa mlangoni.

Huyo Mariana alikuja kuolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, wakahamia hapa Mbeya, Uyole, na mimi nilipobaki mjane akanichukua. Lusekelo ni mwanawe. Ni dereva wa bodaboda, mchapakazi, hanywi, na ana mtoto wa kike, Atu, ambaye sasa hivi anatembea kwa kushika ukuta. Unaona kwa nini hasira zinanipanda.

Jumapili baada ya ibada alikuja na wenzake, wamevaa fulana zinazofanana, zimeandikwa jina la safari. Wanakwenda na pikipiki hadi Afrika Kusini, pale bara linapoishia, kupitia Zambia na Botswana, halafu Namibia wakiona inafaa. Nikamwambia anisomee mpango. Akatoa simu akasoma: petroli, kulala, chakula, fulana, stika, kamera ya kufunga kwenye kofia ili watu waone. Nikauliza bima ya kuvuka mipaka. Akasema wanaifuatilia. Nikauliza kadi za pikipiki zina majina ya nani, maana mmoja wao ninamjua anaendesha ya bosi wake. Wakatazamana. Nikauliza chanjo ya homa ya manjano, wakasema ipo, na hapo niliwapa heshima yao. Nikauliza mnyororo ukikatika nyikani. Nikauliza siku mnazokaa mpakani bila kusonga, mnakula nini. Mmoja akanong'ona kwamba Bibi angefaa kuwa afisa uhamiaji. Nilimsikia. Ngozi ndiyo iliyozeeka, si masikio.

Nikauliza la mwisho. Na kurudi?

Lusekelo akatabasamu, lile tabasamu la babu yake.

"Bibi, kurudi tutajipanga hukohuko."

Niliguna kwa nguvu mpaka Mariana akatoka jikoni kuangalia kama nimepatwa na kitu.

Watoto wa siku hizi kila kitu mtajipanga. Akanieleza kuwa mambo si kama zamani, kuna simu, wakikwama hela inatumwa. Nikamuuliza, inatumwa na nani? Akasema kuna kundi la kwenye simu, watu wanachanga, kama mnavyochangiana harusi. Nikamwambia anisomee na hilo. Basi, mwanangu, nikaiona Ilula nzima imeingia ndani ya simu. Aliyechanga kidogo anataka viatu vya huko. Aliyechanga zaidi anataka simu. Mwenye duka la vipuri anataka stika yake ipigwe picha kila mpaka. Na shangazi yao wa Kyela ameshaleta mchele, uko kwenye baraza yetu, wa mwanawe aliyeko Lusaka. Nikawauliza, huu ni mchango au ni mkeka?

Hawakuelewa. Nikawasimulia niliyokusimulia wewe. Walicheka kwenye jogoo. Kwenye Mpika wakaacha kucheka. Nilipofika kwa mtoto uani, Mariana, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote na hajawahi kunisikia nikiisimulia mbele yake, akasema taratibu kwamba yeye hakumbuki kitu. "Lakini mpaka leo," akasema, "sipendi kuona mtu anafunga mizigo." Akarudi jikoni. Lusekelo akainamisha kichwa, akaanza kusugua kioo cha simu kwa kidole.

Mwanangu, simkatazi mtu kwenda. Wenzake waliniambia tembea uone, wakaongeza na kupotea njia ndiko kujua njia. Sawa. Aliyesema hivyo bila shaka alikuwa kwa miguu; hakuwa ananunua petroli. Mimi mwenyewe niliuona ule mto mkubwa wa Zambezi kutoka kwenye kivuko, nikiwa binti wa milimani nisiyejua kuogelea, na nisingeubadilisha na chochote. Nenda. Lakini nisikilize.

Panga kurudi kwanza, ndipo upange kwenda. Kaa chini ukiwa nyumbani, akili imetulia, uhesabu safari kuanzia kule mwisho ukija huku. Ukijua kurudi kunataka nini, tenga, shona, kabidhi kwa mtu asiyekuonea aibu. Kinachobaki ndicho kitakuambia unafika wapi. Kama kinakufikisha Lusaka tu, Lusaka ni mji mzuri, nenda Lusaka. Hakuna atakayekupiga viboko kwa kutofika baharini.

Na usimwamini yule utakayekuwa kule mbali. Yule ni wewe, lakini amechoka, amelowa, anatazamwa na watu, anataka kuonekana mwanaume. Mfungie mlango mapema.

Mchango wenye masharti ni mzigo. Pima kabla hujaupokea, na uzoee kusema, "Shangazi, pikipiki haibebi." Shangazi atanuna. Atanyamaza mwezi mzima. Kununa kwa shangazi hakuui injini.

Usibane oili. Bana fulana, bana stika, bana ile kamera. Chombo kinachokurudisha nyumbani usikinyime haki yake. Na unachoacha nyumbani kihesabu kuwa sehemu ya safari, kwa sababu mtoto anakula siku zote ulizo barabarani, na zile utakazochelewa pia.

Jana Lusekelo alirudi peke yake. Akanieleza kwa ufupi. Ameahirisha hadi mvua ziishe mwakani, amempigia shangazi simu kuhusu mchele na shangazi amenuna kama nilivyotabiri. Akaweka koti lake la kuendeshea mapajani mwangu, akaweka juu yake noti alizokunja vibaya, akaniomba nishone. Nikamwambia macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, na hata yangeliona nisingeshona. Nilishamshonea mtu mwingine, akafumua. Nikampa sindano na uzi mweusi, akakaa kwenye kiti cha jikoni akashona mwenyewe, anajichoma, Atu ameshika goti lake asianguke. Mishono mibaya sana. Sikumsahihisha. Mtu huogopa kukata uzi aliousumbukia mwenyewe.

Basi, mwanangu, nawe popote unapokwenda, Mungu akutangulie kwenye miteremko, akusukume kwenye vilima. Akupe barabara kavu na watu wenye jembe la ziada. Na siku utakayorudi, upige honi ukiwa bado mbali, mtoto wako atupe vifaranga vyake, akimbie njiani akikuita.